Jibu la Kutupa

Wauza mbao walimwita Mama Punguza, na walimwita hivyo wakiwa mbali. Wakiwa mbele yake walimwita mheshimiwa na kujifuta jasho. Alikuwa mnunuzi mkuu wa kiwanda cha samani, na kila ubao, kila msumari na kila debe la gundi lililoingia getini lilikuwa limepita kwanza mezani kwake. Silaha yake ilikuwa moja tu: kimya. Muuzaji akitaja bei, Mama Punguza hakusema ni ghali wala rahisi. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kupiga chafya. Muuzaji angekohoa. Angeongeza, "Bila shaka tunaweza kuzungumza." Kimya. Angetaja bei nyingine, ya chini. Kimya. Wengi walijipunguzia wenyewe mpaka wakaondoka wakimwomba radhi, wala hawakujua ni kwa kosa gani.

"Bei ya kwanza ni salamu," aliwaambia wanunuzi wadogo wa ofisini mwake. "Na salamu hailipiwi."

Hao wanunuzi wadogo ndio waliomponza. Mkurugenzi alimpa kazi ya kuwanoa kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa, naye akaipokea kwa kununa, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Kati yao alikuwamo binti mmoja aliyetetemeka hata akipokea simu. Siku moja binti huyo alitumwa kwa muuza vitasa. Akarudi na vitasa bora, kwa bei ambayo bosi wake mwenyewe hakuwahi kuipata. Mama Punguza alivigeuza vile vitasa mkononi, akivifungua na kuvifunga, huku akingoja wivu uje. Haukuja. Kilichomjia kilikuwa furaha, tena furaha isiyo na adabu, ya kumfanya mtu mzima atake kurukaruka mbele ya wafanyakazi wake. Miaka yote ya kuwaminya wauzaji haikuwahi kumpa kitu kama hicho.

Basi akakata shauri. Aliomba kazi ya kufundisha biashara chuoni, akaipata, akaaga kiwandani. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba hakumtajia mtu.

Wifi yake, dada wa mumewe, alipopata habari alikuja, akaanza kusema hata mkoba hajauweka chini.

"Wifi yangu, umepatwa na nini? Watu hupanda ngazi. Wewe unashuka, halafu ngazi yenyewe unaibeba kichwani!"

"Naihamishia ukuta mwingine."

"Ukuta wa chaki! Kaka, na wewe umekaa tu? Mwambie mkeo!"

Mumewe alikuwa mfamasia, mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa ya dawa. "Mwache," alisema. "Tangu aanze kuwafundisha wale vijana, anakuja nyumbani anaimba. Mimi siwezi kumwandikia dawa inayoshinda hiyo."

Chuo kilimpa mkataba wa majaribio wa muhula mmoja. Kabla ya muhula kwisha, mkuu wa idara angekaa darasani amsikilize, kisha aamue kama atabaki au ataaga. Na njia ya kurudi kiwandani ilikuwa imefungwa. Kiti chake alikikalia yule binti wa vitasa, na alikikalia vizuri. Chuoni wakimkataa, unga ungekuwa umemwagika kweli.

Darasa lake lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, feni iliyozunguka kwa manung'uniko, na viti vya plastiki. Siku ya kwanza, kabla ya kusema jina lake, alichukua kiti kimoja akakipindua, akakagua miguu.

"Nani aliwauzia hivi?" aliuliza. "Huyu mtu anaishi kwa amani kweli?"

Darasa zima lilicheka, na kicheko hicho kilimfungulia mlango. Hakufundisha biashara kama kitu kilicholala kitabuni. Alileta vitasa viwili vinavyofanana, akawaambia watafute kipi kitakachovunjika kwanza na mwenye duka atajuaje kabla mteja hajarudi na hasira. Aliwatuma ukumbini wauziane kalamu moja mpaka bei yake ishindwe kupanda. Wanafunzi waliozoea kuchelewa madarasa mengine, kwake waligombea viti vya mbele, hata vile alivyovitilia shaka. Yeye naye alirudi nyumbani sauti imekauka, wino wa kalamu za ubao kwenye mikono ya gauni, na moyo mweupe.

Lakini mtu aliyekaa sana kwenye mashine ya kusaga hasikii kelele zake.

Wiki ya kwanza aliuliza, "Mteja ni nani?" Aliyenyoosha mkono alikuwa kiongozi wa darasa, msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa sababu hata akikubaliana na wewe lazima akubishie kwanza.

"Mteja ni mtu mwenye haja, mwenye uwezo wa kulipa, na mwenye sababu ya kuja kwako badala ya kwenda kwa jirani yako."

Jibu safi, halina doa. Mama Punguza akamtazama. Kimya. Wakili akameza mate. Kimya.

"Au... labda nimekosea, Mwalimu?"

"Nyingine," alisema Mama Punguza, na kugeukia upande wa pili wa darasa.

Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnunuzi anayeonyesha kwamba amependa mali ameshaipandisha bei mwenyewe. Kwa miaka mingi uso wake haukuthubutu kupenda kitu chochote saa za kazi. Jibu la kwanza la mwanafunzi lilimfikia kama bei ya kwanza ya muuza mbao, akalikataa. Zuri likakataliwa, baya likakataliwa, sahihi likakataliwa kwa uso uleule.

Mikono ikapungua. Kukawa na wiki ambazo aliuliza akajibiwa na feni tu. Kisha, ghafla, mikono ikarudi kwa wingi, naye akapumua. Sasa wamenizoea, alijiambia.

Mkono wa kwanza siku zote ulikuwa wa kijana mmoja mpana wa mabega, mcheshi, mwenye sauti inayosikika mpaka maktaba. Wenzake walimwita Kafara. Mwalimu alidhani ni jina la uwanjani, labda ni golikipa. Kafara angesema jambo la ovyo, Mwalimu angelikataa, na hapohapo mtu mwingine angenyoosha mkono na kutoa jibu la kupendeza. Ajabu nyingine ni kwamba kwenye mitihani Kafara aliandika vizuri kuliko alivyosema. Mwalimu aliliona hilo, akalipita. Watu wengine hufikiri kwa kalamu, alijisemea.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkuu wa idara alikuwa mwanamume mkavu, aliyefundisha tangu zama za mbao nyeusi, na mwenye tabia ya kufunga kifuniko cha kalamu kila anapokata tamaa. Alikaa nyuma kabisa, daftari magotini.

"Duka la viatu limejaa mali," Mama Punguza alianza, "lakini wateja wanaingia na kutoka mikono mitupu. Karibu viatu vyote ni vya saizi moja. Mwenye duka afanye nini?"

Kafara huyo, mkono juu. "Atangaze kwamba anauza kwa wenye miguu hiyo tu, Mwalimu. Wengine wakate vidole."

Hakuna aliyecheka. Hilo peke yake lilitosha kumshtua Mwalimu, lakini hakushtuka.

"Hapana. Nyingine."

Wakili akasimama. "Huyu alinunua kwa kuangalia bei ya jozi, hakuangalia miguu inayoingia dukani. Mzigo huo ausukume kwa hasara ndogo upishe nafasi, na kabla ya kuagiza tena asimame mlangoni aangalie wanaoingia ni kina nani."

"Sawa, tuendelee. Sasa, kwa nini mteja arudi dukani kwako mara ya pili?"

"Amesahau mwavuli," alisema Kafara.

Kule nyuma, kifuniko cha kalamu kikalia: tak.

Baadaye, ofisini, Mkuu alimpa kiti na hakumzungusha.

"Mwalimu, darasa lako lina ugonjwa gani? Kila swali linaanza na upuuzi, kisha linakuja jibu ambalo hata mimi ningelinakili. Nimefundisha wajinga, nimefundisha werevu. Sijawahi kuona wanaopokezana kwa zamu."

"Hata mimi sielewi, Mkuu."

"Nikiandika ripoti leo, nitaandika kwamba wanakudhihaki. Na mwalimu anayedhihakiwa hatumwongezei mkataba. Sitaki kuandika hivyo, maana hayo majibu ya pili yana mkono wa mwalimu ndani yake. Nitarudi wiki ijayo. Katafute tatizo liko wapi."

Kesho yake Mama Punguza aliingia darasani, akaweka mkoba mezani, akasema, "Jana yule kijana alikata watu vidole mbele ya Mkuu, na nyinyi hamkucheka. Nataka kujua kwa nini."

Akanyamaza. Na kile kimya kilichowavunja wauza mbao hakikuwaacha wanafunzi wazima. Wakili alinyanyuka taratibu.

"Mwalimu, usikasirike. Haikuwa dhihaka. Ilikuwa biashara."

"Biashara gani?"

"Wewe jibu la kwanza hulipokei. Hata liwe la dhahabu, hulipokei. Si ulitufundisha mwenyewe kwamba bei ya kwanza ni salamu? Basi tukakaa kikao. Tukasema la kwanza liwe la kutupa, zuri tuliweke nyuma. Yeye akajitolea kulitoa hilo la kutupa. Ndiyo maana tunamwita Kafara."

"Hata mbele ya Mkuu?"

"Hasa mbele ya Mkuu! Tulitaka mambo yako yanyooke, Mwalimu. Jana tulijitahidi kuliko siku zote."

Mama Punguza alicheka mpaka akatafuta kiti akakaa, kiti chochote, bila kukagua miguu. Amewafundisha kweli! Wauzaji wazoefu walihitaji mwaka mzima kugundua kwamba kwake lazima upandishe kwanza ndipo upunguze, na hawa watoto wamegundua ndani ya nusu muhula, tena kwa kikao. Darasa nalo likacheka, kwa nafuu ya kutokugombezwa.

"Mwenzetu amekula hapana zetu zote, Mwalimu," alisema mmoja kutoka dirishani. "Ameshiba."

Hapo akaacha kucheka. Akamgeukia Kafara.

"Kwa hiyo wewe hujawahi kunipa jibu lako mwenyewe?"

"Sina haraka, Mwalimu," alisema Kafara. Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akacheka baadaye kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba zamu yake imefika.

Kipindi kilipokwisha alimwomba abaki. Walikaa karibu na dirisha, chumba kitupu, feni ikinung'unika.

"Nikuulize swali, unijibu la kwako. Kinyozi ana foleni kila Jumamosi. Siku za katikati ya wiki anapiga miayo. Afanye nini?"

Kafara alitazama mikono yake. Ile sauti ya kufika maktaba ilikuwa imemtoka. "Watu watasema ashushe bei siku za kati. Lakini mimi naona... shangazi yangu ana saluni. Wale wasiokuja Jumanne hawakosi pesa. Wanakosa nafasi, wako kazini. Sasa ukishusha bei..."

Akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa amelipenda jibu lile. Kifua kilimpanda, akili ilikuwa inakimbia mbele kutaka kuona linakoelekea. Na kwa sababu alilipenda, uso wake ulifanya kile uso huo ulichojua kufanya. Ulifunga. Alinyamaza.

"Au labda sivyo," alisema Kafara. Kimya. "Sijui, Mwalimu. Mimi mambo haya sio sana." Kimya. Akasimama, akatabasamu lile tabasamu lake kubwa. "Anyoe mbuzi siku za kati!"

Akatoka akicheka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Mama Punguza alibaki palepale. Kwa macho yake alikuwa ameona kazi ya kimya chake. Muuzaji akinyamaziwa hupunguza bei ya mbao, na mbao zinabaki mbao. Huyu kijana alikuwa amejipunguza mwenyewe, mara tatu ndani ya dakika moja, mpaka akafika kwenye mbuzi.

Jioni ile mumewe alimwekea chai. Aliionja, akaweka kikombe chini, akajikaza kama mtu anayeinua gunia.

"Chai hii ni nzuri."

Mumewe alimtazama juu ya miwani. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nasema ni nzuri."

"Una homa?"

"Nafanya mazoezi! Nimesahau namna ya kupenda kitu watu wakiniangalia."

Mume akavuta kiti akakaa. Akamsikiliza habari yote, ya majibu ya kutupa na ya yale yaliyowekwa nyuma, ya vidole na ya mwavuli, na ya yule kijana dirishani. Kisha akasema, "Basi anza tena. Na uso uwepo safari hii. Umeniambia chai ni nzuri kama mtu anayesoma tarehe ya dawa kuharibika."

Akaisifu chai. Akasifu mkate. Akampigia simu wifi yake akamsifia kitenge alichovaa siku ile, na wifi akauliza kwa hofu kama kuna mgonjwa. Wiki nzima alifanya hivyo, mwanamke aliyetetemesha magodauni, akijifunza jambo ambalo watoto wadogo hulijua bila kufundishwa. Na hata wazo la kuacha kufundisha halikumjia.

Mkuu wa idara aliporudi alikalia kiti kilekile. Mama Punguza hakungoja.

"Kabla ya somo," aliwaambia wanafunzi, "nina neno. Kimya changu kina kazi yake kwenye meza ya kununulia, na nitawafundisha mkitumie. Lakini humu ndani hakuna muuzaji. Nilikosea kuwapokea kama wauzaji. Leo sitaki la kutupa. Kinyozi ana foleni kila Jumamosi, na siku za kati anapiga miayo. Afanye nini?"

Mkono mmoja ulipanda. Ulikuwa wa Kafara.

Darasa likashtuka. Wakili akamvuta shati. "Wewe! Leo hapana, bwana, shusha huo mkono!" Mwingine akanong'ona, "Utamfukuzisha kazi!" Kule nyuma Mkuu alikuwa ameshakishika kifuniko cha kalamu yake. Mama Punguza aliyaona yote hayo. Angeweza kumchagua Wakili, akapata jibu la kunakilika, na mkataba ukawa mfukoni. Alimtazama kijana yule, mkono bado juu.

"Karibu," alimwambia.

"Asishushe bei," Kafara alianza, chini chini. "Wasiokuja Jumanne hawakosi pesa, wanakosa nafasi. Akishusha, wa Jumamosi watahamia Jumanne na kulipa kidogo, na wale wa kazini bado hawatakuja. Kinyozi awafuate. Aende ofisini kwao saa ya mapumziko, anyoe hukohuko."

Uso wa Mama Punguza ulianza kufunga. Aliusikia ukifunga. Akaukataza.

"Hilo nalichukua," alisema, na tabasamu likamtoka lote, meno na macho. "Sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine, na swali hili nililiuliza mara nyingi hata kiwandani. Lina tundu moja. Kinyozi akitoka, dukani anabaki nani? Sina jibu. Tulitafute. Unaanzia wapi?"

Kafara alikuwa amejiandaa kukaa. Akabaki amesimama. "Dukani... aache mwanafunzi wake wa kazi. Siku za kati wateja ni wachache, atawamudu."

"Akimharibu mteja kichwa?" aliuliza Wakili, maana hakuweza kujizuia. "Akili ni nywele, ndugu yangu, lakini nywele zenyewe zikikatwa vibaya!"

"Basi ataanza na watoto, wazazi wakubali kulipa nusu."

"Mzazi gani atakubali?"

"Shangazi yangu amefanya! Twende ukamuulize!"

Darasa likawaka. Mmoja akasema ofisi hazitaruhusu nywele kwenye zulia. Mwingine akasema hospitalini wauguzi wa zamu hawana nafasi kabisa, aanzie huko. Mama Punguza alikimbia na kalamu ubaoni mpaka nafasi ikaisha, akawa anaandika pembeni, huku akipokea, akiuliza, akipokea. Sauti ikatokea nyuma: "Na umeme? Mashine zake atazichomeka wapi?"

"Ndugu, inua mkono kwanza," alisema Wakili bila kugeuka, kisha akageuka, akaona amemwambia nani, akajifunika mdomo.

Mkuu wa idara aliinua mkono.

Kipindi kilipokwisha hakuna aliyebeba mkoba. Ilibidi mwalimu wa darasa lililofuata agonge mlango. Wanafunzi walitoka kwa kusukumana, bado wakibishana, na Mkuu akasogea mbele akiwa na andalio la somo mkononi.

"Hapa umeandika sehemu nne," alisema. "Umefundisha moja. Hata hiyo hukuimaliza."

"Ndiyo, Mkuu."

"Malizia kesho."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa pia. Na muhula ujao, na unaofuata. Barua utaipata ofisini." Akaanza kuondoka, akasimama mlangoni. "Hiyo mashine iwe ya betri. Waambie."

Mama Punguza aligeukia meza. Alikusanya kalamu zake taratibu. Ukumbini nje watu kama sita walikuwa wamemzunguka Kafara, wanampinga kwa pamoja, Wakili mbele yao na kidole juu. Kafara alikuwa ameegemea ukuta, mkoba begani, na ile sauti yake ya kufika maktaba ilikuwa imerudi.

"Hapana, hapana, nisikilizeni," alikuwa akisema. "Sijamaliza."

Nao wakanyamaza, wakamsikiliza.